Kiti Changu Mlangoni kwa Bibi

Kuna watu waliozaliwa na miguu, na kuna sisi tuliozaliwa na makalio. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Mbeya kwenye ukarani, yule Tabora kwenye ualimu, mwingine Dar es Salaam ambako alipotelea moja kwa moja. Mimi nilidandia lori la mahindi nikarudi Ufipa, nikaketi jikoni kwa mama, na kusema kweli sijainuka mpaka leo. Mama alipochoka kunisogeza asonge ugali wake alinitafutia mke, nikahamia kwenye moto mwingine.

Asiyejua baridi ya Ufipa atanicheka. Aje mwezi wa sita. Upepo unapita juu ya nyanda zile hauna mti wa kuuzuia, unalaza nyasi, unaingia chini ya mlango na kupanda miguuni. Mtu mwenye akili anajua mahali pake ni wapi. Na mimi mahali pangu palikuwa na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mninga, kizito, chenye mikono mipana ya kutosha kuweka kikombe cha togwa upande huu na redio upande ule, ingawa redio sikuwa nayo. Alikitengeneza shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi seremala, akakileta siku ya arusi yetu amekibeba kichwani. Mbele ya wageni alisema kwamba dada yake anaolewa na mtu atakayekaa maisha yake yote, kwa hiyo ameona afadhali akae vizuri. Watu walicheka, padre akacheka, mama yangu akacheka kuliko wote. Tangu hapo kila asubuhi akipita kwenda kazini, msumeno begani, alichungulia dirishani kwangu:

"Shemeji, jiko halijatoroka?"

"Lipo, nalilinda."

"Likitoroka usilifukuze, utaumia."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu. Siku asipopita niliona hata maharage hayana chumvi.

Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini, na hata mimi nikalazimika kusimama. Lori lilikuja likabeba milango yetu, vyungu vyetu na kuku wetu, nami nikapanda juu ya mzigo nimekikumbatia kiti kama mtu anayeokoa mtoto mtoni. Tulishushwa kwenye uwanda ulio njiani kwenda Kate, tukajipanga kwa mistari kama wanafunzi, nyumba hii ikitazama kisogo cha nyumba ile. Tukawa na shamba la kijiji, duka la kijiji lililokuwa na kila kitu isipokuwa sukari, sabuni na chumvi, na darasa la kisomo cha watu wazima ambalo nilipewa mimi kulifundisha, kwa sababu ya kidato changu cha nne na kwa sababu ni kazi inayofanyika umekaa.

Kitu ambacho hatukuhama nacho ni kanisa. Lilibaki kule tulikotoka, mwendo ambao mtu kama mimi hawezi kuutaja bila kutoa jasho. Padre alikuja pale gari la misheni lilipopata petroli. Siku nyingine tulisali na katekista chini ya banda la nyasi. Ilipofika Kwaresima ya kwanza tukajiuliza Njia ya Msalaba tutaifanyia wapi, kwa kuwa zile picha kumi na nne za vituo zilibaki ukutani kule mbali. Katekista akapata wazo ambalo mpaka leo namheshimu nalo: kila kituo kiwe mlangoni kwa mtu. Akagawa vituo kwa nyumba za mstari wetu, kila mlango ukachomekwa msalaba mdogo wa vijiti, na watu wa nyumba ile wakawa ndio wenye kutenda tendo la kituo chao. Kwenye kituo cha tano baba wa nyumba alitoka akatia bega kumsaidia mbeba msalaba. Na kwenye kituo cha sita, pale ambapo mwanamke mmoja alijitokeza katika kundi akampangusa Yesu uso, mama wa nyumba alitoka na kitambaa safi akampangusa uso mtu aliyebeba msalaba wetu.

Mbeba msalaba alikuwa shemeji yangu. Msalaba aliuchonga yeye, na mabega ya kuubeba alikuwa nayo yeye tu. Msomaji nilikuwa mimi. Shemeji alisema nimeichagua kazi hiyo kwa sababu msomaji habebi kitu.

Kituo cha sita kiliangukia kwa bibi mmoja mjane, nyumba iliyokaribiana na yetu. Hakuwa ndugu yetu. Alikuja kijijini peke yake, kutoka kwenye kile kilima chenye matanuru ya zamani ya chuma, yale marefu ya udongo ambayo wazee wetu waliyaacha yakisimama. Mumewe alikuwa amekufa, na wanawe walikuwa wameteremkia ziwani, Kipili, kuvua, wakasahau njia ya kupandia. Kiswahili alikisema kwa shida, Kifipa alikisema kwa ukali. Kila Alhamisi ya Kwaresima alifua kitambaa chake akakianika juu ya ua, na mimi kutoka kwenye kiti changu, kupitia dirishani, nilikiona kikipepea nikajua kesho ni Ijumaa. Sikuhitaji kalenda.

Lakini miaka ile haikuwa ya utani tu. Tulipokusanywa pamoja, hofu zetu nazo zilikusanywa. Watu waliokuwa wamezoea kuishi kila mmoja na kilima chake sasa walisikia kikohozi cha jirani. Ng'ombe akifa, mtu anatazama nyumba ya pili. Mtoto akiharisha, mtu anahesabu nani alipita mlangoni. Katika kijiji cha jirani walimpiga mzee mmoja mpaka akafa, wakisema kwamba ndiye aliyeleta viwavi kwenye mahindi. Sikuwapo. Mimi kwa kawaida siko popote. Ila katekista aliitwa kuzika, akanichukua nikasome. Pale kaburini niliwaona watu walioshika majembe kufukia, na nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba baadhi yao ndio walioshika fimbo. Walisali Baba Yetu kwa sauti nzuri kuliko yangu.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Mke wangu aliniuliza kama nataka chakula nikasema sitaki, naye akajua kuna jambo. Haukuwa uchovu wa safari, ingawa safari nayo iliniua. Nilikuwa nimechoka na watu. Jioni ile tuliposali nilimwambia Mungu, kwa Kifipa ili asije akasingizia hakunielewa, kwamba sina kubwa ninaloomba: anipe amani nyumbani kwangu tu, mlango ufungwe, moto uwake, na dunia iendelee huko nje bila mimi.

Haikupita muda mrefu radi ikamwua mtoto wa shemeji.

Ilikuwa kipindi cha matuta. Sisi Wafipa tunalisha ardhi kwa majani: mvua zikishalainisha udongo tunakata nyasi kwa jembe pamoja na mizizi yake, tunazigeuza, tunazilundika kuwa matuta ya duara, zikaozee humo ndani mpaka msimu mwingine tuje tuyatawanye na kupanda ulezi. Shemeji na mkewe walikuwa shambani na mwanao wa kiume, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Wingu lilikuja kutoka upande wa bonde la Rukwa. Walisema walianza kukusanya majembe waondoke. Mtoto alikuwa amepanda juu ya tuta, anacheza.

Mke wangu ndiye aliyemwosha. Ni shangazi yake.

Wiki chache kabla ya hapo ng'ombe wa shemeji walikuwa wamepita kwenye matuta ya yule bibi na kuyavuruga. Bibi alisimama pembeni ya shamba akamwambia shemeji maneno mawili: Mungu anaona. Maneno hayo kila mtu anayasema. Mke wangu ananiambia mimi kila siku ambayo sijapasua kuni. Lakini sasa watu waliyakumbuka, wakayageuza huku na huku, na kila walipoyageuza yalizidi kuwa meusi. Shemeji akaenda kwa mganga upande wa bondeni, na mganga akamwambia alichokwenda kuambiwa: adui ni mwanamke, ni mzee, anakaa karibu.

Tukiwa bado matangani nilijitia kueleza. Nilisema tulifundishwa shuleni kwamba radi ni umeme wa mawingu, na kwamba hupenda kupiga kitu kilichosimama juu kuliko vingine. Nilisema kwa upole, kama mwalimu mzuri. Shemeji alinitazama.

"Mwanangu alikuwa na kimo gani, shemeji?"

Kidato changu chote cha nne kiliishia pale, kwenye kimo cha mtoto yule.

Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Ijumaa ya kwanza baada ya maziko hatukufanya Njia ya Msalaba. Katika wiki iliyofuata tukasikia kwamba Ijumaa hii itafanyika, shemeji atabeba msalaba kama kawaida, na vijana watafuata nyuma na kamba. Kituo cha mwisho kikimalizika watarudi kwa bibi, waling'oe paa, wamteremshe ziwani kwa wanawe. Kumteremsha, ndivyo walivyosema. Lakini mimi nilikuwa nimemzika yule mzee wa viwavi, nikajua safari za namna hiyo huishia wapi.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nikimtembelea mtu huyo, wenye macho wajue kuna hatari. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha kiti, akaniambia kwamba serikali haitambui uchawi, kwa hiyo hakuna kesi, na kwa kuwa hakuna kesi hawezi kuita mgambo. Nikamwuliza kuhusu kamba. Akasema kamba si kosa.

Nikaenda kwa katekista. Huyu alikuwa mtu mwema, amechoka kama mimi, ana watoto wengi. Alikuwa ameshapata ufumbuzi. Tutatoka kituo cha tano twende moja kwa moja cha saba, alisema, tusiwachokoze watu wenye msiba, Yesu ataelewa. Baada ya hapo kila mtu arudi kwake na afunge mlango. Niliona ni maneno yale yale niliyomwambia Mungu kwa Kifipa. Yalipotoka kinywani mwa mtu mwingine yalinitia aibu.

Jumatano jioni nilikaa kwenye kiti changu nikafungua kitabu cha sala nijiandae na masomo, maana huwa najikwaa kwenye maneno marefu. Nilipofika kituo cha sita sikuendelea. Nilikuwa nimekisoma miaka mingi, sikuwahi kumfikiria yule mama. Safari hii nilimfikiria. Hakuwazuia askari. Hakuuondoa msalaba. Hakumhubiria mtu yeyote. Aliona uso mchafu wa damu na mate, akatoka na kitambaa. Ni kazi ya mtu wa nyumbani, kazi ya maji na kitambaa, tena ya umbali wa mkono tu. Miaka yote nilidhani nguvu inayotakiwa kusimama mbele ya uovu ni ile ya watu wenye mabega kama shemeji, watu wenye sauti, watu wenye miguu. Nikajisemea, basi kumbe hata sisi wengine tumewekewa kazi yetu.

Alhamisi asubuhi nilitazama dirishani. Ua wa bibi ulikuwa mtupu. Hakuwa amefua kitambaa.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililoninyanyua kuliko habari za kamba. Alikuwa amekwisha kujua, na alikuwa amekubali. Nilisimama, nikakigeuza kiti, nikakiinua kichwani. Mke wangu alikuwa anapepeta ulezi.

"Unakipeleka wapi?"

"Kwa bibi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Aliuweka ungo chini. Tangu msiba alikuwa hajanitania hata mara moja, na wala hakuwahi kusema kama bibi ni mchawi au si mchawi. Alisema tu, "Mtoto niliyemwosha ni wa ndugu yangu."

"Najua."

"Na hicho kiti unajua nani alikitengeneza."

"Najua, mama watoto."

Akaugeukia ungo wake. Nikatoka.

Kubeba kiti cha mninga kichwani si kazi ya msomaji. Nilipofika kwa bibi shingo ilikuwa imeingia kifuani. Alikuwa amekaa ndani na vitu vyake vimefungwa kwenye kanga, kifurushi kidogo tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kukaa."

Alinitazama, akakitazama kiti, akauliza kwa Kifipa, "Kwako kumeungua?"

Nikamwambia hakujaungua. Nikakiweka kiti katikati ya mlango wake, pale pale kwenye msalaba wa vijiti, nikakaa. Sikuwa na mpango mwingine. Nilikuwa nimefikiria hivi: nyumba haing'olewi paa mtu akiwa amekaa mlangoni, na katika kijiji kizima hakuna aliyenizidi kukaa. Nikatoa rozari. Niliisali polepole, na nikiimaliza nilianza upya, kwa sababu kila nilipoacha miguu ilitaka kwenda nyumbani. Wanaosema imani huondoa woga labda wana imani nyingine. Mimi niliogopa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ila kati ya Salamu Maria moja na nyingine hapakuwa na nafasi ya kutosha kusimama na kukimbia.

Mchana vijana walipita kutazama. Waliona kiti, wakarudi wakiwa wengi. Aliyetangulia alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani kwenye kisomo, aliyekuja kujifunza kuandika barua za mapenzi. Aliniambia niondoke kwa heshima, maana hawana ugomvi na mimi. Nikamwambia kwamba wao wananijua, huwa siondoki. Mmoja wao akacheka, nadhani bila kupenda. Walinishauri, wakanitisha, wakaniambia mke wangu ataniacha. Nikasema huenda. Halafu jiwe likaja kutoka nyuma yao, likavunja mkono wa kiti upande wa kulia, na la pili likanipata juu ya jicho.

Damu ya kichwani haina adabu, inamwagika kama ng'ombe kachinjwa. Vijana wakatawanyika. Nilibaki nimekaa, si kwa ushujaa; nilikuwa siuoni mlango uko wapi. Nikasikia bibi akifungua kifurushi chake. Alikuja na bakuli la maji na kitambaa, kile cha kituo cha sita, akanipangusa uso, akakamua, akapangusa tena. Kisha akaenda kukifua kwa nguvu na kukianika juu ya ua, na kila aliyepita njiani alikiona.

Nadhani kijiji kizima kilisubiri nife. Mtu aliyepanguswa na kitambaa cha mchawi hawezi kuchukua muda mrefu. Alasiri mvua ilinyesha, nikapiga chafya, na niliambiwa baadaye kwamba chafya ile ilifika mpaka nyumba za mstari wa mwisho.

Jua linazama mke wangu akaja na sufuria kichwani na mkeka kwapani. Alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, akatazama jeraha.

"Mtu mzima hajui hata kukwepa jiwe."

"Ningekwepa ningetoka kwenye kiti."

Akatandika mkeka kando yangu akakaa. Alimpa bibi shikamoo, kwa sauti ndogo, na bibi akaipokea. Tulikula. Baada ya kula tulisali sote watatu, na katikati ya sala mke wangu alilia, kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu amwoshe mtoto. Bibi hakumnyamazisha. Alipomaliza alijifuta na kanga akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu:

"Aliyemwua mtoto wetu simjui. Aliyerusha jiwe namjua. Nitaanza na ninalolijua."

Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule na mengine yalikuwa mazuri. Hilo ndilo ninaloshika.

Ijumaa alasiri tukasikia nyimbo zikianzia mwisho wa mstari. Walikuwa wameanza bila msomaji, wanasali kwa kukariri. Kituo baada ya kituo walikaribia. Pale kwenye kituo cha tano, jirani yake bibi alitoka akatia bega chini ya msalaba kama ilivyo desturi, akatoa bega, wakaja. Mbele katekista, macho chini. Nyuma yake shemeji na msalaba, shati limemganda mgongoni. Kisha akina mama, wengi, halafu kule mwisho vijana na ile kamba wameizungusha kwenye mkono.

Katekista alianza kukata kona kwenda cha saba.

Nikasimama. Nakuambieni hili kwa sababu walioniona nimesimama wakati ule hawajaacha kulisimulia. Nilifungua kitabu nikaanza kusoma kituo cha sita kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, ikitetemeka kama ya mbuzi. Na hapo akina mama wakafanya kosa ambalo ni watu wetu tu wanaoweza kulifanya. Hawakuwa wamekusudia kumtetea bibi, wengi wao walikuwa wanamwogopa. Lakini walikuwa wamepiga magoti kwa maneno yale tangu utoto, na waliposikia yanasomwa magoti yao hayakungoja ushauri. Wakapiga magoti kwenye matope, wote, njia nzima ikajaa migongo. Vijana wa nyuma wakabaki nyuma. Huwezi kumruka mama yako aliyepiga magoti, hata kama una kamba.

Shemeji alibaki amesimama peke yake na msalaba wake, mbele ya mlango, mbele ya kiti alichokitengeneza mwenyewe, mkono umevunjika.

Bibi akatoka na kitambaa. Alipiga hatua mbili, shemeji akarudi nyuma moja. Hakukuwa na chuki usoni pake wakati ule. Ilikuwa hofu, hofu tupu ya mtu aliyekwisha kupoteza mtoto na amebakiwa na wengine nyumbani. Bibi akaiona. Akakishusha kitambaa.

"Baba," akamwambia kwa Kifipa, "kama unaogopa kitambaa changu, nipe shati lako."

Mimi nilikuwa nimemaliza somo, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikaanza kulisoma upya toka mwanzo. Mke wangu akainuka kwenye mkeka. Alipita mbele yangu, akaenda mpaka kwa mdogo wake, akaingiza bega lake chini ya msalaba na kuupokea uzito. Alimwambia kitu sikioni. Mpaka leo hajaniambia ni nini, na nimeuliza.

Shemeji akainama. Bibi akashika pindo la shati la shemeji mwenyewe, akamfuta uso, jasho na mengine yasiyokuwa jasho, polepole, paji, macho, mashavu, kama unavyomfuta mtoto aliyetoka kulia. Alipomaliza alilinyoosha pindo kwa kiganja chake, akarudi mlangoni pake. Shemeji akauchukua msalaba. Wakaenda kituo cha saba.

Paa halikung'olewa siku ile wala siku nyingine. Kamba waliisahau kwenye ua, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu, aliifunga kutoka ua mpaka nguzo akawa anaanikia kitambaa.

Nisiseme kwamba yote yalikwisha. Shemeji hakumwamkia bibi mwaka ule wala uliofuata, na kwenye dirisha langu hakupita. Alizunguka njia ya nyuma, mbali zaidi, msumeno begani. Mimi nilikaa kwa bibi mpaka Pasaka ilipopita, mke wangu akiniletea chakula na habari. Na nimekibeba kiti kile mara nyingine, kwenye milango mingine, kila niliposikia minong'ono ya namna ile imeanza kupikwa. Mara moja nilichelewa. Huyo ninamtaja katika sala kila siku na nitaendelea kumtaja. Mara zilizobaki nilifika nikakaa. Uchovu ule haujaniacha. Naamka nao, nakwenda nao. Nilichoacha ni kumwomba Mungu anifungie mlango.

Kiti nilikirudisha nyumbani na mkono wake mmoja. Nilikizoea hivyo hivyo, kikombe cha togwa kikawa kinakaa sakafuni. Mwaka wa tatu, ulezi ulipokwisha kuvunwa na baridi imeshika, siku moja asubuhi shemeji akaingia bila hodi na kipande cha mninga na zana zake. Aliniashiria ninyanyuke, akakilaza kiti, akapima, akachonga, akagongomea mkono mpya, akaupiga msasa mpaka ukalainika. Rangi yake ilikuwa bado nyepesi kuliko ile ya zamani. Akakisimamisha karibu na moto, akakusanya zana, akatoka.

Nilikuwa nimekwisha kukaa nilipomwona ameinama dirishani.

"Shemeji, jiko halijatoroka?"

Nilifungua kinywa nimjibu kama zamani, nikajikuta naupapasa mkono mpya wa kiti. Mke wangu akanijibia kutoka kwenye sufuria yake, bila kugeuka.

"Jiko lipo, mdogo wangu. Ni mlinzi wake siku hizi anatangatanga."